UZI: Mtoto wa wiki 3 bado ana manjano na choo kimepauka. Tuache kumuanika juani, tupime

#1 Tabibu wa Nyika

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya huku kati: Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, mpaka Manyoni na Iramba. Mzazi anayetaka kuelewa naye karibu.

Mada ni yule mtoto ambaye kila mtu anamwambia mama yake, "muanike jua la asubuhi, yataisha." Dodoma jua halikosekani, ndiyo maana ushauri huu hauishiwi wafuasi. Kwa watoto wengi hauna madhara makubwa, maana manjano yao yangeisha tu. Ila yupo mtoto mmoja mmoja ambaye jua halimgusi, na kila wiki anayoanikwa inakatwa kwenye muda wake wa upasuaji.

Manjano ya kawaida huanza siku ya 2 au ya 3, hupanda kidogo, kisha hushuka. Aliyetimiza miezi tumboni akifika siku 14, au njiti akifika siku 21, na macho bado ni ya njano, atolewe damu kupima bilirubini (ile rangi ya njano ya kwenye damu) jumla NA bilirubini dairekti. Haijalishi ananyonya vizuri wala amenenepa. Dairekti ikizidi maikromoli 17 kwa lita, yaani miligramu 1 kwa desilita, msiite tena "manjano ya maziwa ya mama." Manjano ya maziwa hupandisha ile indairekti tu.

Tofauti yake ni hii. Indairekti haiyeyuki kwenye maji, na mwanga unaweza kuigeuza umbo ikatoka. Dairekti ini limeshaishughulikia, imeshakuwa ya kuyeyuka, imekosa njia ya kutokea tu. Mwanga hauzibui mrija. Mtoto wa namna hii akiwekwa chini ya taa za kutibu manjano, ngozi inaweza hata kugeuka rangi ya shaba iliyochafuka.

Ugonjwa tunaouogopa zaidi ni kuziba kwa mirija ya nyongo, biliari atresia. Mirija inayotoa nyongo kwenye ini kwenda utumbo mwembamba hupata uvimbe na makovu katika wiki za mwanzo wa maisha mpaka inafungika. Nyongo inarudi nyuma, ini linaota makovu. Asipotibiwa, wengi hawafikishi miaka 2. Upasuaji wake uliasisiwa na Morio Kasai kule Sendai, Japani, mwaka 1955, na mpaka leo unaitwa Kasai. Ukifanyika kabla ya siku 60 za kuzaliwa, nyongo hutiririka kwa takriban theluthi mbili ya watoto. Baada ya siku 90 matumaini yanashuka sana.

Hesabuni siku, msihesabu miezi. "Ana mwezi na nusu" haimsaidii mtu anayepanga chumba cha upasuaji.

#2 Nesi wa RCH

Asante Dokta. Naongezea upande wa RCH, yaani kliniki ya mama na mtoto, maana huko ndiko mtoto anakopitia.

Mahudhurio ya baada ya kujifungua ni siku ya 7, ya 28 na ya 42. Siku ya 42 ndiyo ile ya wiki 6, ya chanjo ya Penta ya kwanza. Ukimkamata siku ya 28 una siku 32 mkononi kabla ya ile ya 60. Ukimkamata kwenye Penta ya kwanza zimebaki 18. Ukimpita hapo akarudi wiki ya 10, tayari ni siku ya 70. Kwa hiyo kabla ya sindano, nepi ifunguliwe. Haichukui hata dakika moja.

Manjano ya mtoto mweusi msiyatafute shavuni. Tazameni weupe wa jicho, fizi, viganja na nyayo, tena nje ya chumba au dirishani. Chini ya turubai la bluu, au mtoto akiwa kwenye kanga nyekundu, mtadanganyika.

Mkojo wa mtoto mchanga unapaswa kuwa kama maji. Ukiacha doa la njano kwenye nepi nyeupe ya kitambaa, uliza. Ukifanana na chai ya rangi, usiulize tena, andika rufaa. Pampasi zinaficha hili kwa sababu zinanyonya mkojo na kuusambaza ndani, kwa hiyo mwambieni mama afunge kitambaa cheupe cha pamba kwa saa chache.

Choo cha kawaida ni cha njano kama binzari, au kijani, au kahawia. Kibaya ni cheupe kama chokaa, cha kijivu kama majivu, au kile cha njano iliyofifia sana kama ugali wa sembe uliolala. Hiki cha tatu ndicho kinachopita bila kuonekana.

#3 Tabibu wa Nyika

Nakazia hapo kwa dada nesi. Choo kikatwe. Chukua kijiti, kipasue katikati, tazama ndani. Juu kinaweza kuwa na utando wa njano kutokana na mkojo uliokilowesha au chembe za utumbo zenye bilirubini, mama akasema "mbona cha njano?" Ndani ni cheupe pe. Na kwenye wiki za mwanzo mrija haujafungika kabisa, rangi huja na kupotea. Choo kimoja chenye rangi hakimwondolei mtoto shaka, angalieni vya siku 3 mfululizo. Mama apige picha kwa simu, mchana, bila mwanga wa kamera, choo kikiwa juu ya kitambaa cheupe.

Taiwan waliweka kadi ya rangi za choo kwenye kitabu cha afya cha kila mtoto kuanzia 2004, na idadi ya wanaopasuliwa kabla ya siku 60 ikapanda. Karatasi na wino, basi.

#4 Maabara Kwanza

Ngoja niseme la maabara, kwa sababu lawama nyingi hutuangukia sisi na nyingine tunastahili.

Fomu ikiandikwa "bilirubini" peke yake, sehemu nyingi zitapima jumla tu. Andikeni "jumla na dairekti." Jumla ya 160 haina maana yoyote mpaka ujue dairekti ni 8 au ni 95.

Pili, mwanga. Bilirubini huvunjika kwenye mwanga. Tyubu iliyokaa dirishani au iliyosafiri kwenye bodaboda kutoka kijijini na jua la saa 6 mchana itatoa namba ya chini kuliko ukweli. Fungeni tyubu kwa karatasi ya foili mara tu damu inapotoka, iwekwe kwenye kibaridi. Damu isiyoweza kupimwa siku hiyo izungushwe kwenye mashine, seramu (maji ya damu) itengwe, iwekwe kwenye friji, gizani.

Tatu, damu iliyovunjika. Ukikamua kisigino kwa nguvu, seli zinapasuka, hemoglobini inaingilia kipimo cha dairekti na AST, kimojawapo cha vipimo vya ini, inapanda bila sababu. Damu ya mshipa mililita 2 hadi 3 inatosha bilirubini, ALT, AST, GGT, ALP na albumini. INR, kipimo cha damu kuganda, inakwenda kwenye tyubu yake ya kifuniko cha bluu, ijazwe mpaka mstari. Ukijaza nusu, dawa ya kuzuia kuganda inazidi damu na INR inatoka juu ya uongo.

Nne, kiwango cha kulinganishia. Mashine nyingi zimewekwa viwango vya watu wazima. GGT ya mtoto wa wiki 3 kiasili ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu mzima, na ALP vilevile kwa sababu mifupa inakua. Kwa hiyo alama ya "juu" kwenye GGT ya 110 isiwashtue. Mirija ikiziba GGT mara nyingi huvuka 200, tena huendelea kupanda wiki hadi wiki.

#5 Tabibu wa Nyika

Na kinyume chake kina maana pia, mkuu. Dairekti iko juu lakini GGT ni ya kawaida au ya chini: hapo fikirieni magonjwa ya kurithi ya kusafirisha au kutengeneza asidi za nyongo, au upungufu wa homoni za pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Njia inabadilika kabisa.

#6 Mkulima wa Kibaigwa

Naomba kuuliza wataalamu. Huku kwetu mwaka 2016 watu walipata manjano na wengine walikufa kwa sumukuvu ya mahindi. Je, hili la watoto nalo si sumukuvu? Mama amekula mahindi mabovu, maziwa yakapitisha.

#7 Tabibu wa Nyika

Swali zuri. Ule mlipuko wa Dodoma na Manyara ulikuwa wa sumu ya ghafla, watu walikula nafaka yenye kiwango kikubwa, ini likaungua kwa siku chache: tumbo, kutapika, manjano, kuzirai. Ni kweli sehemu ya sumukuvu hupita kwenye maziwa ya mama, na nafaka yenye ukungu isiliwe na mtu wala mfugo. Lakini sumukuvu haijathibitishwa kuwa chanzo cha mirija kuziba. Chanzo hasa hakijulikani. Kinga ya mwili na virusi vinashukiwa, na kundi dogo la watoto huzaliwa na kasoro nyingine pia, kama wengu nyingi ndogondogo badala ya moja, au viungo vya tumbo vilivyogeuka pande.

Wazo la sumu ya chakula si la kuchekwa, hata hivyo. Kule Australia wanakondoo walizaliwa na mirija iliyoziba baada ya kondoo wenye mimba kula magugu ya jamii ya Dysphania, na watafiti wakaitenga sumu yenyewe. Kwa binadamu uhusiano huo haujathibitishwa. Kwa hiyo mama asilaumiwe kwa alichokula, na mtoto asicheleweshwe watu wakichunguza ghala.

#8 Picha ya Sauti

Mimi ni wa ultrasaundi. Kosa ninalotaka tulizike leo ni sentensi hii kwenye majibu: "Mirija ya ndani ya ini haijatanuka, hakuna kizuizi." Kwa mtu mzima mwenye jiwe ni sawa. Kwa biliari atresia mirija haitanuki, kwa sababu yenyewe imekuwa kovu. Kutanuka kunaelekeza kwenye uvimbe wa maji wa mrija mkuu, ambao nao ni wa kupasuliwa lakini ni habari nyingine.

Maandalizi: mtoto asinyonye kwa muda wa saa 4. Akinyonya, kifuko cha nyongo kinajikamua na utaandika "hakionekani" bure. Panga awe wa kwanza asubuhi, maana njaa ya saa 4 ikigeuka saa 7 kwa sababu ya foleni, sukari inashuka.

Probu iwe ile bapa ya masafa ya juu, megahezi 7 kwenda mbele. Ile ya mviringo ya kuangalia mimba haitakuonyesha kitu cha milimita 4. Natafuta vitu vitatu. Kifuko kisichokuwepo, au kifupi chini ya milimita 19, chenye ukuta uliokunjamana na ndani hamna nafasi. Kovu la pembetatu linalong'aa mbele ya tawi la kulia la mshipa wa poti (unaoleta damu kwenye ini kutoka utumbo), unene zaidi ya milimita 4. Halafu wengu: ni moja, nyingi, au upande usio wake? Kisha baada ya kunyonya narudia kifuko, je, kimejikamua?

Kifuko kizuri hakimtoi mtoto kwenye orodha. Andikeni "hakuna dalili zilizoonekana," msiandike "si biliari atresia."

#9 Daktari wa Zamu

Wakuu, mmekimbilia mirija. Kuna magonjwa yanayoua ndani ya siku chache na yana dawa, hayo yaangaliwe siku ileile ya kwanza.

Maambukizi ya damu na ya mkojo: mkojo uchukuliwe kwa katheta, mfuko wa kubandika unachafuka. Msianze na seftriaksoni kwa mtoto huyu, inasukuma bilirubini kutoka kwenye albumini na inaganda kwenye nyongo. Ampisilini na jentamaisini, au sefotaksimu. Kaswende: tazama kadi ya mama ya mimba, alipimwa au palikuwa hakuna vitendanishi? Ngozi ya viganja na nyayo inayomenyuka, pua inayotiririka damudamu.

Galaktosemia, ugonjwa wa kurithi wa kushindwa kutumia sukari ya maziwa: mtoto anatapika maziwa, sukari inashuka, jicho lina ukungu, anapata E. koli kwenye damu. Mkojo ukipimwa kwa Benedikti unabadilika rangi huku kijiti cha glukosi kinasema hakuna. Sharti awe ananyonya wakati wa kupima, akiwa kwenye dripu tu kipimo kinatoka safi. Ukishuku, maziwa yenye laktosi yanasimama hapohapo, ya mama yakiwemo.

Tezi ya shingo (thairoidi): homoni ya TSH pekee inadanganya. Pituitari ikiwa ndiyo mbovu, TSH inaweza kuwa ya kawaida, T4 ndiyo iko chini. Uume mdogo sana pamoja na sukari inayoporomoka vikuelekeze huko.

CMV (virusi vya sitomegalo): kingamwili za IgG ni za mama, hazisemi kitu. Na hata CMV ikithibitishwa kwa PCR, mirija inaweza kuwa imeziba pia. Choo kikiwa cheupe, safari iendelee.

#10 Mzee wa Fenobabitoni

Kwa uzoefu wa vitabu, tungempa fenobabitoni miligramu 5 kwa kilo kwa siku, siku 5, kisha apigwe picha ya nyuklia ya nyongo. Dawa ya mionzi isipofika kwenye utumbo ndani ya saa 24, ndipo apasuliwe. Mbona hamjaitaja?

#11 Kisu Butu

Kwa heshima, mzee wangu, hesabu kalenda. Siku 5 za dawa, siku za kusubiri nafasi, na majibu yenyewe: dawa ikionekana kwenye utumbo, umeondoa kuziba. Isipoonekana, hujathibitisha, kwa sababu ini lililovimba sana kwa homa ya ini ya watoto wachanga nalo halitoi. Kwa mtoto wa siku 25 katika hospitali yenye mashine, sawa. Kwa wa siku 50 hapana.

Kinachotoa uamuzi ni nyama ya ini kwa sindano, kisha picha ya mirija mezani. Mpatholojia anatafuta vijirija vidogo vilivyoongezeka, vizibo vya nyongo na kovu kwenye maeneo ya poti. Sampuli iwe na maeneo ya poti 5 au zaidi, kipande chembamba kilichokatikakatika kinarudishwa. Ikichukuliwa mapema mno, kabla ya wiki ya 4 hadi ya 6, inaweza kuonekana kama homa ya ini tu, na hapo irudiwe. Msifunge faili.

Mezani tunatoboa kifuko, tunasukuma rangi ya eksirei. Lazima iende pande mbili: chini kwenye utumbo, juu kwenye ini. Ikishuka chini tu, tunabana mrija chini kwa klipu laini na kusukuma tena, kwa sababu rangi hupenda njia rahisi. Kifuko kikiwa kamba tupu isiyo na tundu, jibu limepatikana. Mtego mmoja ni Alaji (Alagille), ugonjwa wa kurithi: mirija ni myembamba mno, rangi haipandi, ukafanya Kasai isiyomfaa. Ndiyo maana kabla ya kisu tunataka eksirei ya uti wa mgongo, ambapo pingili hufanana na kipepeo, na moyo usikilizwe.

Kasai yenyewe: kovu lote la mlango wa ini linakatwa, kitanzi cha utumbo cha sentimita kama 40 kinapandishwa na kushonwa hapo. Tunatazama bilirubini jumla miezi 3 baadaye: ikiwa chini ya maikromoli 34 kwa lita, ini la mtoto lina nafasi ya kudumu miaka. Homa yoyote baada ya hapo, hasa choo kikianza kupauka tena, ni maambukizi ya mirija mpaka ithibitishwe vingine: kulazwa na antibiotiki ya mshipa siku hiyohiyo. Steroidi sizipigii debe, jaribio kubwa la Marekani la 2014 halikuonyesha faida ya maana. Wengi wao baadaye watahitaji ini jipya, mara nyingi kipande cha mzazi, na kwa familia za huku hilo huwa na maana ya safari ya India.

#12 Lishe Dom

Mtoto anaposubiri haya yote ana njaa bila kuonekana. Nyongo haifiki utumbo, mafuta hayayeyushwi, vitamini A, D, E na K zinapita. Maziwa ya mama yaendelee, nishati ya jumla ilenge asilimia 120 hadi 150 ya mahitaji, na mafuta ya mnyororo wa kati yaongezwe kama yapo, maana hayo hunyonywa bila nyongo. Mafuta ya nazi ya nyumbani si kitu kilekile, sehemu kubwa yake ni asidi ya lauriki. Uzito unadanganya, ini kubwa na maji ya tumboni vinapandisha mizani. Pimeni mzingo wa mkono.

#13 Nesi wa RCH

Kuhusu K: mtoto aliyezaliwa nyumbani na hakupata miligramu 1 ya vitamini K yuko hatarini mara mbili. Kitovu kinachovuja damu wiki ya 3 au damu puani ni onyo, na mtoto aliyelegea ghafla na utosi umevimba, shuku damu kichwani.

#14 Daktari wa Zamu

Sahihi. Vitamini K kwa sindano kabla ya gari kuondoka, msisubiri INR. INR irudiwe saa 6 hadi 24 baadaye. Ikirudi kawaida, shida ilikuwa kunyonywa kwa vitamini. Isiporudi, ini lenyewe limefeli, simu ipigwe juu mara moja.

#15 Zahanati ya Mwisho wa Barabara

Wakuu, huku hatuna mashine ya bilirubini. Tuna kijiti cha mkojo, mzani na simu. Barua ya rufaa tuiandikeje ili mtoto asirudishwe na karatasi ya "jua la asubuhi"?

#16 Tabibu wa Nyika

Kijiti kinatosha kuanzia, mkuu. Kichovye mkojo mbichi, soma mraba wa bilirubini. Mtoto mwenye manjano ya kawaida hana bilirubini kwenye mkojo, kwa sababu indairekti haipiti kwenye figo. Mraba ukibadilika ni dairekti. Usipobadilika na choo ni cheupe, bado anakwenda, vijiti vilivyofunguliwa muda mrefu huchoka.

Barua andika hivi, mstari wa kwanza kabisa: "Mtoto wa siku 31 leo, siku ya 60 ni tarehe fulani." Weka tarehe yenyewe. Kisha: manjano tangu lini, rangi ya choo siku 3 zilizopita na kwamba picha ziko kwenye simu ya mama, rangi ya mkojo na kijiti, ini linashuka sentimita ngapi chini ya mbavu na je, ni gumu, uzito wa kuzaliwa na wa leo, vitamini K imetolewa saa ngapi, majibu ya mama ya kaswende na VVU. Mwisho: "Naomba bilirubini jumla na dairekti leo." Neno "leo" lisikosekane.

Mpeleke Jumatatu hadi Jumatano kama una uchaguzi. Wa Ijumaa mchana hupoteza siku 3 bila mtu kumgusa. Na kabla hajapanda gari, piga simu wodi ya watoto ya hospitali ya rufaa, umtaje kwa siku zake.

#17 Zahanati ya Mwisho wa Barabara

Nimeelewa, Dokta. Ini nalipimia mstari gani?

#18 Tabibu wa Nyika

Mstari wa chuchu ya kulia, ushuke wima. Anza kupapasa chini karibu na nyonga, panda taratibu kila mtoto anapovuta pumzi. Ukianzia mbavuni, ini lililokwisha kuwa kubwa utakuwa umeshaliruka. Sentimita 1 hadi 2, laini, ni la kawaida kwa umri huo. Kuanzia 3 na kuendelea, ukingo mgumu, liandike. Papasa na kushoto pia, wengu ukianza kushikika maana yake kovu limeenda mbali.